Ramani iliyonionyesha mwanangu anaonewa wapi

Simu ya tatu kutoka shuleni ndani ya mwezi mmoja ilinikuta kazini. Mwanangu, wakati huo ana miaka 13, alikuwa amepindua dawati na kumrushia mwenzake kitabu. Akasimamishwa masomo siku tatu. Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Sijui, mama." Nikadhani ananificha.

Mwanangu ana hali ambayo wengi bado wanaiita Asperger. Kwenye karatasi zake imeandikwa usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti, kwa sababu mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa jina la Asperger mwaka 2013, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, nayo haina jina hilo. Yeye mwenyewe amezoea kusema Asperger, nami namfuata.

Kila jioni nilikuwa namuuliza, "Kuna mtu amekuonea leo?" Kila jioni ananijibu hapana. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa anadanganya. Kwake kuonewa ni kupigwa, na hakuna aliyempiga. Anajibu kile ulichouliza, si kile ulichotaka kujua.

Nikabadilisha maswali. Wakati wa mapumziko ulisimama wapi? Kushoto kwako alikuwa nani? Alisema maneno gani hasa? Baada ya hapo wengine walifanya nini? Kwa kuwa anapenda ramani kuliko kitu chochote, nikamwomba anichoree shule yake. Alichora mpaka idadi ya ngazi. Nikampa kalamu za rangi: kijani mahali anapopumua vizuri, njano anapokaa kwa tahadhari, nyekundu anapotamani kukimbia. Nyekundu ikatua kwenye chumba cha kubadilishia nguo za michezo, foleni ya chakula, ujia wa kwenda vyooni na safu ya nyuma darasani. Kila penye nyekundu palikuwa mahali ambapo jicho la mwalimu halifiki.

Nilipoweka kidole kwenye vyoo, akaniambia, kwa sauti ileile anayotumia kutaja saa, kwamba huwa hanywi maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda huko. Nilitoka nje kidogo, nikalia, nikarudi tukaendelea.

Mengine yalikuja polepole. Wenzake waligundua kwamba sauti ya kucha ikikwaruza dawati inamuumiza kweli. Basi wakawa wanakwaruza taratibu, mmoja akichoka anapokea mwingine, hadi alipuke. Mwalimu anageuka kutoka ubaoni na kumwona mtu mmoja tu, mwanangu. Kulikuwa pia na wavulana watatu waliomwita rafiki. Wakamtuma akamwambie mwalimu wa kike maneno machafu, wakimhakikishia kuwa ni sifa. Akaenda, akaadhibiwa, na kesho yake akakaa nao tena, kwa sababu wamesema ni marafiki zake. Hili ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Tulianza daftari. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwa karibu, na kilichotokea kabla hajalipuka. Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito. Kwa wiki tano hapakuwa na mlipuko hata mmoja uliotokea bila sababu.

Niliitwa kikao shuleni, na huko mwalimu wa nidhamu alisema ni utani wa watoto, mwanangu ajifunze kuvumilia. Nilikuwa nimesoma juu ya Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970. Aliutofautisha uonevu na ugomvi kwa mambo matatu: umekusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtendea. Nikafungua daftari, tukapitia kurasa tukitafuta mambo hayo matatu. Mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa kimya muda wote, alisoma ukurasa mmoja mara mbili kisha akasema, "Mimi nilikuwa naona kitabu kikiruka tu." Tangu hapo kikao kikawa kingine.

Walitaka kumhamisha kiti. Nilikataa, kwani kumhamisha yeye ni kumwadhibu yeye. Wakahamishwa waliokuwa wanakwaruza. Walitaka pia wakutanishwe wapeane mikono na kuombana radhi. Hilo nalo nilikataa. Mwanangu angeiamini radhi hiyo neno kwa neno na kurudi mikononi mwao. Tulichokubaliana ni mwalimu wa zamu kusimama kwenye maeneo mekundu wakati wa mapumziko, na mwanangu kupewa kadi ya kuweka mezani na kutoka kwenda maktaba bila kusema neno, maana akizidiwa sauti haitoki. Na kwa kuwa nilisoma kuhusu KiVa, programu ya kuzuia uonevu shuleni ya Chuo Kikuu cha Turku huko Finland inayoelekea zaidi kwa watazamaji kuliko kwa mwonevu peke yake, nilimwomba mwalimu wa darasa azungumze na wale waliokuwa wanacheka pembeni. Wawili kati yao, kumbe, walikuwa hawapendi kinachoendelea ila waliogopa kuwa wa kwanza kusema.

Nami nina makosa yangu. Kwa miezi nilimwambia "wapuuze tu". Alijitahidi kunitii, akakaa kama jiwe kutwa nzima, kisha akaja kulipukia nyumbani, nami nikamgombeza kwa hilo pia. Nimemwomba msamaha.

Kuhusu wale "marafiki", maelezo marefu hayakusaidia, kilichosaidia ni kanuni, na aliiandika mwenyewe ukutani: "Mtu akinituma kufanya jambo ambalo mimi nitaadhibiwa na yeye atacheka, sifanyi, hata akiniita rafiki." Wiki iliyopita alinipigia simu wakati wa mapumziko kuniuliza kama jambo fulani linaingia kwenye kanuni hiyo. Lilikuwa linaingia.

Muhula huu nimepigiwa simu na shule mara moja tu. Chupa yake ya maji inarudi tupu. Juzi alichora ramani upya bila kuombwa: foleni ya chakula imekuwa njano, safu ya nyuma darasani kijani. Ujia wa vyooni bado ni mwekundu, na Jumatatu nina miadi na mwalimu mkuu kuhusu huo.