Mikorosho 212 ya mjomba: mbu, mbuzi na safu moja iliyobebeshwa mengi

Juni 8

Leo nimemaliza kuingiza daftari lote la mjomba kwenye kompyuta. Mikorosho 212, kila mmoja una namba aliyoipaka mwenyewe kwenye shina kwa rangi nyeupe. Shamba liko upande wa Nanyamba, mimi nakaa Mtwara mjini, kwa hiyo kazi hii ni ya usiku na mwisho wa wiki. Nimechagua SQLite, programu ya kuhifadhi na kutafuta data, kwa kuwa hifadhidata nzima ni faili moja. Haitaki seva, haitaki bando. Nikienda shambani naibeba kwenye flashi.

Ninachotaka ni kimoja: mjomba akiniuliza "miti ipi ina ubwiriunga?", nimpe namba za miti. Sasa hivi anazunguka shamba zima akikisia, na salfa ni fedha. Salfa yenyewe inatibu ubwiriunga, yaani ule ugonjwa wa unga mweupe wa maua na majani machanga. Ukimpulizia mdudu kwa salfa umepoteza asubuhi yako bure. Kujua mti upi una nini ndiyo kazi yote.

Jedwali lina safu nne: namba, mwaka wa kupandwa (pale anapoukumbuka), mahali, na hali. Kwenye hali nimenakili alivyoandika yeye, vitu vimetenganishwa kwa mkato:

41 | ubwiriunga, mbu
42 | blaiti
57 | mbuzi
58 | ubwiriunga, chule, mbu

Blaiti na chule ni magonjwa mengine ya mikorosho. Ukiisoma kwa macho haina tatizo lolote.

Juni 14

Tatizo limeonekana, na limemgharimu mjomba dawa.

Jumatano alinipigia: "Njomba, nipe miti yenye mbu." Kwa msomaji asiyelima korosho: mbu wa mikorosho si huyu anayetuletea malaria. Ni mdudu anayefyonza machipukizi na maua, anaacha madoa meusi, na chipukizi linakauka kuanzia ncha. Nikaandika:

SELECT namba FROM miti WHERE hali LIKE '%mbu%';

Ikaja miti 61. Nikamtumia orodha kwa ujumbe wa simu. Leo ameingia shambani na kijana wa pampu, wameshapuliza kadhaa, wakafika mti namba 57. Akasimama, akanipigia. "Njomba, mti huu una mbuzi, hauna mbu."

Alama ile ya asilimia inamaanisha chochote kinaweza kuwa kabla na chochote kinaweza kuwa baada. Kwa hiyo kompyuta haikutafuta neno mbu, ilitafuta herufi m, b, u zikifuatana popote. Mbuzi wa jirani waliokula machipukizi ya miti tisa wakaingia. Ikaingia pia miti mitatu ambayo mimi mwenyewe niliiandikia "hakuna kumbukumbu", maana kumbukumbu ina mbu ndani yake, tena mara mbili. Miti 12 ya uongo kwenye 61. Mitano kati yake ilikuwa imeshapulizwa.

Mjomba hakusema neno baya. Mimi imenikaa moyoni siku nzima.

Juni 15

Nimejaribu dawa ya haraka. Ukizungushia mikato pande zote mbili, neno linalazimika kuwa zima:

WHERE ',' || hali || ',' LIKE '%,mbu,%'

Mbuzi wakatoka, kumbukumbu ikatoka. Lakini mti 41 na 58 nao wakapotea! Baada ya kila mkato niliacha nafasi, kwa hiyo ndani ya safu mna ", mbu" na mimi natafuta ",mbu". Nikaziondoa nafasi zote kwa amri ya replace, ikabaki miti 49. Nimeihesabu kwenye daftari kwa kidole, ni 49 kweli.

Ningeweza kuishia hapo. Ila nilipotafuta ubwiriunga kwa njia hiyohiyo, nikakuta kuna "ubwiriunga", "ubwiliunga" na "ubwiri unga", kwa sababu niliandika kila mara kama nilivyosikia au kama daftari lilivyosema. Safu ya maandishi huru inapokea yote bila kuuliza. Halafu siku mjomba akisema tubadilishe jina moja, itanibidi nipite ndani ya maandishi ya miti yote nikitoa neno katikati ya mikato. Kwa miti 212 naweza. Majirani wawili wameshauliza kama na yao itaingia.

Juni 22

Wiki nzima nimesoma. Tatizo hili ni la zamani: Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani, alichapisha mwaka 1970 wazo la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana, na kanuni ya mwanzo kabisa iliyotoka humo ni kwamba kila kisanduku kibebe thamani moja tu. Mimi nilikuwa nimekibebesha tatu.

Zipo njia nyingine nilizozipima, nyingine kwenye programu kama SQLite. PostgreSQL ina safu inayoweza kubeba orodha halisi, na ina faharasa ya kuipekua haraka. MySQL ina FIND_IN_SET inayotafuta ndani ya maandishi ya mikato, lakini nayo ukiacha nafasi baada ya mkato haikuoni, yaleyale ya Juni 15. Hata SQLite inaweza kuhifadhi orodha kwa JSON, muundo wa kuandika data kama maandishi, na kuifungua kwa amri ya json_each. Sijazidharau. Kwa lebo ndogondogo zisizohitaji maelezo zaidi zingefaa.

Nimeamua majedwali matatu. "miti" kila mti mara moja. "hali" kila hali mara moja, na namba yake: 1 ubwiriunga, 2 blaiti, 3 chule, 4 mbu, 5 mbuzi, na kuendelea. La tatu, "mti_hali", linaunganisha tu: mti 58 na hali 1, mti 58 na hali 3, mti 58 na hali 4. Mistari mitatu badala ya mikato miwili. Jina ubwiriunga sasa limeandikwa mahali pamoja duniani, na tahajia yake ni moja.

Jambo moja la kuangalia kwa anayefuata njia hii: SQLite kwa kawaida haikagui kama namba unayoiunganisha ipo kweli. Niliandika hali namba 12 kwa kuteleza kidole, haipo, na ikapokelewa. Lazima kila unapofungua uanze na PRAGMA foreign_keys = ON; ndipo inakataa.

Julai 5

Nimelala shambani. Jioni tumekaa na mjomba chini ya mti, nikamsomea mstari mmojammoja ili arekebishe. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha kompyuta.

Nilisoma: "Mti 41, ubwiriunga na mbu." Akauliza, "Wa lini?" Sikuwa na jibu. Ubwiriunga ule aliuona mwaka juzi ukaisha kwa salfa. Mbu ni wa mwaka huu. Kwenye daftari lake wino ni tofauti na kurasa ni tofauti, kwa hiyo yeye akilitazama anakumbuka. Mimi nilivyoviweka pamoja na mkato katikati, niliufuta wakati. Mkato hauna tarehe.

Sasa jedwali la kuunganisha lina safu mbili zaidi: tarehe, na ukali kuanzia 1 hadi 3 kwa kipimo chake mwenyewe. Tarehe hiyo haikuwa na pa kukaa hapo kabla. Si ya mti, maana mti una hali nyingi. Si ya ubwiriunga, maana ubwiriunga uko kwenye miti mingi. Ni ya ule mti na ubwiriunga wake, siku ile. Nimefurahi mno kuliona hili, nikalieleza mara mbili hadi mjomba akaniambia nimeelewa, sasa tule.

La pili ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Niliwaweka pamoja na magonjwa kwa sababu walikuwa kwenye ukurasa uleule. "Hao si ugonjwa, hao ni walinzi," akasema. Kweli, majimoto wanamla mbu wa mikorosho, na ukipuliza dawa ya wadudu unawaua na wao. Kwa hiyo jedwali la hali limepata safu ya aina: ugonjwa, mdudu, mnyama, mlinzi.

Julai 12

Nimetafuta miti yenye ubwiriunga na mbu kwa pamoja, mwaka huu. Hapa mtu anakosea kirahisi: ukiandika hali = 1 AND hali = 4 hupati hata mmoja, kwa kuwa mstari mmoja hauwezi kuwa vyote viwili. Unachukua mistari yenye chochote kati ya hizo, unaipanga kwa mti, kisha unahesabu:

SELECT mti FROM mti_hali
WHERE hali IN (1, 4) AND tarehe >= '2025-01-01'
GROUP BY mti
HAVING COUNT(DISTINCT hali) = 2;

Neno DISTINCT nililiacha mwanzoni. Mti 96 ukajitokeza ingawa hauna ubwiriunga kabisa. Umeandikwa mbu mara mbili, Mei na Juni, hesabu ikawa mbili. Tangu tarehe ziingie, hali moja inaweza kurudi, na hesabu lazima iwe ya hali tofauti.

Kisha orodha aliyoingojea: yenye mbu lakini isiyo na majimoto. Nimetumia NOT EXISTS, yaani chukua mti ikiwa hauna mstari wa majimoto. Kati ya ile 49, miti 11 ina walinzi wake, imebaki 38. Nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mpangilio wa njia anayopita, si wa namba.

Julai 19

Mjomba amepiga saa tatu asubuhi, bado yuko shambani. Yote 38 ameifikia, hakuna mbuzi. Ila namba 88 ina kitu kipya: unga wa mbao chini ya shina na matundu yanayotoa utomvu.

"Utamwandika wapi huyo?" akauliza.

Nimeongeza mstari mmoja kwenye jedwali la hali, namba 9, mdudu anayetoboa shina. Kisha mti 88, hali 9, tarehe ya leo, ukali 2. Nimemsomea kwenye simu, akasema iwe 3.