Kaazimwa mpaka paka

Wiki hii usingizi wangu umeibwa na mama mmoja wa mwaka 1839. Anaitwa Caroline Kirkland. Aliondoka New York na mumewe wakaenda kuanzisha kijiji cha Pinckney, Michigan, enzi hizo pori na matope tu, kisha akaandika kitabu kuhusu majirani zake: A New Home—Who'll Follow? Jina lake akalificha, akajiita Mary Clavers. Kijiji akakiita Montacute.

Pale majirani wanapokuja kumwazima vitu nimecheka hadi machozi. Ufagio, uzi, vijiko, mkasi, viatu, mpaka paka! Hata suruali ya mume iliulizwa. Mimi niliyekulia uswahilini, pasi moja ikizunguka nyumba kumi, nilijiona humo humo.

Ila siri haikudumu. Majirani walijitambua, wakanuna kweli kweli, na kitabu kilichofuata kikapunguza pilipili. Mwaka 1843 familia ikarudi New York.

Sasa nimeshika cha Mary Russell Mitford wa Uingereza, ambaye Kirkland mwenyewe alikiri kumfuata. Huyu ni mpole, anapenda maua. Mzuri, lakini moyo wangu bado uko kwa yule mwenye ulimi.