Vikwazo Visivyo na Mlango wa Kutokea

Joseph Nye, msomi wa Marekani wa siasa za kimataifa, alipoanza kuandika kuhusu nguvu laini mwaka 1990, hoja yake ilikuwa nyepesi: nchi inaweza kupata inachotaka kwa kuwavutia wengine, bila kuwashurutisha wala kuwalipa. Nguvu ngumu ni jeshi na mkoba. Tangu hapo watu wanabishana ipi bora, ubishi ambao sioni faida yake. Serikali nyingi hukwama kwa jinsi zinavyoitumia hiyo ngumu.

Ili shinikizo lifaulu, anayeshinikizwa lazima ajue anatakiwa kufanya nini, aamini kwamba akikaidi ataumia, na aamini vilevile kwamba akitii maumivu yatakoma. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Oktoba 1962, Rais Kennedy wa Marekani alipopeleka meli za kivita kuzuia silaha za Kisovieti zisifike Kuba, dai lake kuu lilikuwa makombora ya Kisovieti yaliyokuwa Kuba yaondolewe. Hakushikilia kwamba Castro, kiongozi wa Kuba, ang'oke. Na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, hakutoka mikono mitupu: aliahidiwa hadharani kwamba Kuba haitavamiwa, na kwa siri kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa.

Iran ilikuwa kinyume chake. Mkataba wa nyuklia wa Julai 2015, kati ya Iran na mataifa makubwa, uliweka vipimo vinavyohesabika: urani (madini ambayo yakirutubishwa sana hufaa kwa bomu) isirutubishwe kupita asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300. Wakaguzi wa kimataifa wa nishati ya atomiki walikuwa wakiingia na kukagua. Vikwazo vya kiuchumi vililegezwa Januari 2016, lakini benki kubwa za Ulaya ziliendelea kukaa mbali, zikihofia faini za Marekani kwa vikwazo vilivyobaki. Mei 2018 Marekani ikajitoa kabisa. Kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha hadi asilimia 60.

Wakati mwingine anayeahidi hana hata ufunguo. Sheria ya Jackson-Vanik, iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1974, ilifungamanisha unafuu wa kibiashara na uhuru wa raia wa Kisovieti kuhama. Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991, milango ya kuhama ikafunguka, lakini Urusi ilitolewa rasmi kwenye sheria hiyo Desemba 2012, na muswada uleule ukaja na vikwazo vipya. Kabla ya kutishia, uliza kwanza nani ana mamlaka ya kuondoa adhabu, na itamchukua muda gani.

Nguvu laini yenyewe huharibiwa na pupa. Ufadhili wa masomo wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, ulianzishwa 1946, fedha za mwanzo zikitokana na mauzo ya mali za vita zilizobaki ng'ambo. Matunda yake huja baada ya miaka mingi, mwanafunzi wa jana akishakuwa mkuu wa idara au mhariri. Waziri anayetaka kuyaona kwenye bajeti ya mwaka huu ataanza kuwageuza wanafunzi wapiga debe, nao watamshtukia. Kosa jingine ni la kiofisi tu: idara moja inatoa barua ya ufadhili, nyingine inamnyima kijana yuleyule viza. Huyo afadhali asingeitwa kabisa.