Faili letu la ndoa

Kwetu Tanga ndoa haina risiti. Ukishaozeshwa mtaa mzima unajua, pilau limeliwa, mpaka yule jirani asiyekupenda ni shahidi. Sasa njoo Uingereza na mume mzungu uone kazi. Bili ya maji, ya umeme, barua za benki, zote zitunzwe zionyeshe majina yetu na anwani ile ile, maana viza ya mke ni miezi 33 tu, ikiisha unaomba tena miaka miwili na nusu, mitano ikitimia ndo unaomba ukaazi wa kudumu, na kila awamu unathibitisha upya kwamba bado mpo pamoja jamani.

Halafu mshahara. 2022 tulivyoomba, mume wangu alitakiwa awe anaingiza pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 wakapandisha mpaka 29,000, sisi tulishaingia na kiwango cha zamani haikutugusa, ila shoga yangu aliolewa Februari mwaka huo huo wakasema wacha Ramadhani iishe ndo watume maombi. Idi ikawa tarehe 10, sheria ikaanza tarehe 11! Mumewe mpishi, hela hiyo haifikishi, mpaka leo yeye yuko Dar wanaonana kwa simu.

Ila kinachoniumiza zaidi ni kugombana. Kwetu mke akiudhiwa anabeba kibegi anaenda kwa mama siku tatu, wazee wanaitwa, mume anakuja na kitenge na maneno matamu, yanaisha. Hapa naenda wapi? Viza yenyewe imesimama juu ya mgongo wake. Na yeye kwao watu wakikasirika wananyamaza tu, kimyaaa, wiki nzima mtu anaosha vikombe.

Juzi tulinuniana kwa sababu ya mama. Kumtumia mama chochote mwisho wa mwezi mi sihesabu kama msaada, ni kama kulipa kodi ya nyumba, yeye akaona hela inavuja wakati tunakusanya ada ya afya, ambayo ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza na unailipa yote kwa mkupuo. Nikamwambia wewe unahesabu kama karani. Akasema siku hizi hajui nikimuuliza habari za kazini namuulizia yeye ama naulizia salari slipu. Nilikosa jibu, maana kweli huwa naziulizia.

Alhamisi ikaja bahasha ya maji. Nimevimba kweli kweli, ila nikaitoa mlangoni, nikaikunjua vizuri isipate mkunjo, nikaichomeka kwenye faili.

Ijumaa usiku kasimama mlango wa jikoni.

“Ile ya maji umeiweka?”

“Nimeiweka.”

Ndo maneno yetu ya kwanza tangu Jumatatu. Akawasha birika, akatoa vikombe viwili.