Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kugawa kuku wastaafu

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, nje kulikuwa giza totoro na gari langu lilikwisha kujaa matenga ya plastiki. Mimi ni mzaliwa wa Pangani ninayeishi nje kidogo ya mji wa Ludlow, magharibi mwa Uingereza, na kazi ninayoieleza hapa haina mshahara: mimi na wenzangu huwachukua kuku wa mayai wanaotolewa vizimbani katika mashamba makubwa, tukawagawa kwa watu watakaowafuga nyumbani, na wale dhaifu wasioweza kupewa mtu hubaki kwangu. Jamaa zangu wa Pangani hudhani nimechanganyikiwa, na majirani wa hapa hudhani nina huruma iliyopita kiasi. Hakuna kati yao aliyewahi kubeba matenga yale kutwa nzima.

Kabla ya saa moja tulikuwa shambani. Kuku tuliowakuta walikuwa na umri wa wiki 72 hivi, ambao kwa kuku si uzee hata kidogo, bali ndio wakati mayai huanza kupungua na maganda yake kuwa membamba, na mwenye shamba akipiga hesabu ya chakula huona heri aingize mitetea wapya. Vizimba vya zamani, visivyo na kichanja wala mahali pa kutagia, vilipigwa marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2012, wakati Uingereza ingali mwanachama, lakini vizimba vilivyoboreshwa bado vinaruhusiwa hapa. Humo kila kuku hutengewa sentimita za mraba 750, yaani kupita kidogo karatasi moja ya A4, pamoja na kichanja na mahali pa kutagia ambapo hushirikiana na wenzake.

Kuku wa namna hii hakamatwi miguu na kuning'inizwa kichwa chini kama tulivyozoea sokoni. Mwili wake umechota madini mifupani ili kutengeneza maganda ya mayai, na mara nyingi mfupa wa kidari umekwisha kuvunjika na kujiunga kombo, hata kidole kikipita juu yake huhisi kifundo. Humshika kwa viganja viwili, mabawa yakiwa yamebanwa taratibu ubavuni, ukamtia tengani kana kwamba unaweka yai. Wa kwanza niliyemtoa alikuwa na shingo tupu, nyekundu, ncha ya mdomo imekatwa, na upanga wake wa kichwani, uliokuwa mkubwa kwa ajili ya joto la banda na kufifia rangi, ulimwangukia jichoni kama kitambaa kilicholowa. Baada ya kuku themanini hivi kiuno changu kilianza kudai haki yake.

Saa nne tulianza kugawa, katika ua wa jirani mmoja mwenye ghala, na watu wengi walikuja, wakachukua kuku wao, wakaenda zao.

Saa sita kasorobo akaja bwana mmoja aliyetakiwa kufika saa nne na nusu. Alikuwa ameandikisha kuku watatu, ambayo ndiyo idadi ya chini kwetu kwa sababu kuku hawezi kukaa peke yake, na mkononi alikuwa na boksi moja la televisheni lisilo na hata tundu la hewa. Jambo la kwanza alilouliza ni kama angeweza kuchagua wenye manyoya, maana watoto wake wangeogopa hawa walionyonyoka. Nikamweleza kwamba manyoya huota upya baada ya wiki kadhaa, na kwamba hatuchagui. Akauliza mayai mangapi kwa wiki. Nikasema huenda wakataga vizuri, huenda wakapumzika miezi, kwa sababu wamekwisha kutaga karibu yai moja kila siku kwa muda wa mwaka hivi, ilhali kuku mwitu wa Asia ambaye ndiye asili yao hutaga machache tu kwa mwaka mzima. Akataka kujua kama atarudishiwa mchango wake wasipotaga! Nilipomwuliza kama amejiandikisha serikalini, kwa kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya hapa inamtaka hata mwenye kuku mmoja ajiandikishe, alicheka akidhani ni mzaha, akajaza fomu kwenye simu yake huku foleni ikirefuka nyuma yake. Kisha akasema kwa furaha kwamba mabaki ya jikoni kwake hayatapotea tena. Hapo nikalazimika kumwambia kwamba ni kosa kisheria kuwalisha kuku makombo yaliyopitia jikoni, hata maganda ya karoti, isipokuwa jiko hilo haliingizi kabisa kitu kitokanacho na mnyama. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa. Nikachukua kisu, nikatoboa boksi lake pande zote, nikawapanga kuku wake watatu ndani, nikamfungia kwa kamba, na muda wote huo nilikuwa nikijiuma ulimi.

Nilirudi nyumbani mchana, sikumbuki saa ngapi, na kuku wanne wasiosimama vizuri. Mmoja alikuwa na utitiri uliojaa chini ya bawa, nikampaka dawa ya unga. Niliwawekea chakula cha unga kilekile walichozoea, kwa kuwa ukiwabadilishia ghafla hugoma, na maji katika chombo kipana, maana kule walikunywa kwenye vidonoleo tu, yaani vichuchu vya bomba vinavyotoa tone wakividonoa, na wengine hawajui maji yaliyo chomboni. (Wapo wanaowashonea sweta za sufu. Picha hupendeza, lakini sweta humzuia kuku kujisafisha manyoya yanayoota.) Kuku wangu sita wenyeji waliwapokea kwa kuwadonoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mama alipiga simu nikiwa nimeketi juu ya ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Akaniuliza kuku wale kwa nini hawaendi sufuriani, kwani kwetu kuku wa mayai akiisha huchemshwa hata akalainika. Nikamwambia hawa wamekwisha kufanya kazi yao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi uwape maji ya kutosha."

Giza lilipoingia wageni hawakujua kwenda kulala. Walijikusanya kwenye kona ya ua, wameminyana kama bado wamo kizimbani, nikawabeba mmoja mmoja hadi bandani. Nilikuwa nikivua mabuti simu ilipolia tena: yule bwana wa boksi. Wawili wamelala uani hawataki kuingia, wa tatu haonekani. Nikamwambia atafute tochi, aangalie chini ya gari na nyuma ya mapipa. Akaondoka na simu ikiwa wazi, nikawa nasikia viatu vyake kwenye kokoto na pumzi zake, halafu sauti ya chini, ambayo mchana sikuwa nimeisikia, ikimbembeleza mtu atoke polepole, asiogope.