Ukurasa wa 61

Leo alfajiri, kabla hata sijanawa uso, nilifungua barua pepe. Tabia mbaya, najua. Nimejiapiza mara nyingi kwamba sitaigusa simu mpaka saa nne, na kila siku kiapo kinavunjika jua halijatoka. Ila leo kulikuwa na kitu. Barua ya ukurasa mmoja na nusu kutoka kwa wakala wa vitabu aliyekaa na mswada wangu miezi minne. Hajanikubali, wala hajanikataa. Anasema nikiiandika upya theluthi ya kwanza ya riwaya, yuko tayari kuisoma tena, bila kuniahidi chochote.

Niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi, nikaisoma tena taratibu, kama mtu anayesoma majibu ya vipimo.

Watu wakiniuliza kwa nini nahangaika na mawakala badala ya kwenda moja kwa moja kwa wachapishaji, huwa nawajibu kwamba wachapishaji wengi wakubwa hawapokei mswada kutoka mkononi mwa mwandishi. Unatakiwa upitie kwa mtu anayewajua wahariri, anayejua nani anatafuta nini msimu huu, na anayeweza kuvutana nao kuhusu mkataba: haki za tafsiri zibaki kwa nani, za filamu, za kitabu cha kusikiliza. Ujira wake ni asilimia. Kwa kawaida ni 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa mauzo ya nje, kwa kuwa huko nje mara nyingi hugawana na wakala mwenzake. Asipouza kitu, hapati kitu. Kazi yenyewe si ya jana wala juzi. Alexander Pollock Watt aliianza London miaka ya 1870, na inasimuliwa kwamba chanzo ni rafiki yake mwandishi aliyemwomba amsaidie kuuza hadithi zake. Yeye alichukua asilimia 10. Huwa namfikiria sana yule rafiki. Alimwomba mwenzake tu, mambo yakaisha. Mimi nina jedwali.

Jedwali langu lina mistari 41. Kila mstari ni wakala mmoja: jina, aina ya vitabu anavyopenda, tarehe niliyomwandikia, alichotaka nimtumie, alichojibu. Mistari 22 ni nyekundu, yaani nimekataliwa, karibu wote kwa maneno yaleyale ya adabu: asante kwa kutufikiria, kazi hii haikunigusa vya kutosha, mwingine anaweza kuiona tofauti. Mistari 13 ni kijivu. Hao hawakujibu kabisa. Wengi wao wanatangaza mapema kwamba ukiona wiki 8 au 12 zimepita kimya, ujue jibu ni hapana. Sijui kwa nini rangi ya kijivu inaniuma kuliko nyekundu. Miwili bado muda wake haujafika. Na minne, minne tu, ni ya kijani: hao waliomba mswada wote.

Nianze na barua ninayowatumia mawakala, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikaujua ugonjwa wa mswada wangu.

Riwaya niliiandika miaka mitatu. Barua ya maombi, isiyotakiwa kuzidi ukurasa mmoja, maneno kama 300 hivi, ilinichukua wiki sita, na nilitamani kulia mara nyingi zaidi. Inatakiwa iseme mhusika wako ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Kisha useme mswada una maneno mangapi (wangu ulikuwa 112,000, nikaupunguza hadi 97,000 baada ya kuona mawakala wakilalamika kuhusu riwaya za kwanza zilizonenepa), utaje vitabu viwili vya miaka ya karibuni vinavyoweza kukaa nao rafu moja, halafu useme machache kuhusu wewe mwenyewe. Hapo mwisho palikuwa rahisi. Sina cha kujisifia.

Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Riwaya hii inahusu kumbukumbu, huzuni na wakati." Nilijivunia sentensi ile siku mbili nzima. Nikamsomea dada yangu mkubwa. Dada ni mhasibu. Riwaya kwake ni kitu cha kuwekea kikombe.

"Haya. Lakini kunatokea nini?"

Nikamwambia, kwa hasira kidogo: fundi saa analetewa saa na mgeni asiyemjua. Akiifungua anakuta alama aliyoichonga kwa mkono wake mwenyewe. Ni saa waliyomzika nayo kaka yake miaka 20 iliyopita.

Dada akaweka kalamu chini. "Halafu?"

Ile "halafu" ndiyo ikawa barua. Niliifuta sentensi ya kumbukumbu na huzuni, nikaanza na saa.

Kabla ya kufika kwenye hesabu za dada, kuna aibu moja lazima niitoe kifuani. Katika kundi la pili la barua, mtu mmoja aliyejiita wakala alinijibu baada ya siku mbili. Siku mbili! Alisema amesoma mswada wote, ameupenda mno, na kilichobaki ni ada ndogo ya usomaji na nyingine ya uhariri, kisha safari ianze. Nilikuwa nimeshachukua simu niitume. Kilichoniokoa si akili bali ubishi: nilimwuliza amempenda mhusika gani zaidi. Akanijibu kwamba wote wamechorwa vizuri. Mtu aliyesoma kurasa 380 hawezi kukosa hata jina moja la kutaja. Ndipo nikaenda kusoma kanuni ambayo ningepaswa kuijua tangu siku ya kwanza: wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma. Fedha hutoka kwa mchapishaji, hupitia kwa wakala, naye hukata asilimia yake na kumpa mwandishi zinazobaki. Ukiona zinatoka mfukoni mwako kwenda kwake, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Niliumia kwa sababu ile ndiyo ilikuwa barua tamu kuliko zote nilizowahi kupokea. Nilikuwa nimeshaisoma kwa sauti kubwa.

Sasa hesabu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekata tamaa, nikamwonyesha dada jedwali ili anihurumie. Hakunihurumia. Alivaa miwani, akaanza kupanga mistari upya kwa safu ambayo mimi sikuwahi kuitilia maanani: alichotaka nimtumie. Mawakala hawafanani. Wengine wanataka barua peke yake. Wengine wanataka barua na kurasa 10 za mwanzo, wengine sura tatu na muhtasari wa kurasa mbili.

"Mdogo wangu, tazama hapa. Waliopata barua tupu ni 9. Wanne kati yao wameomba mswada. Waliopata barua pamoja na kurasa ni 32. Walioomba mswada?"

Sikumjibu.

"Hakuna hata mmoja," akasema. "Barua yako inauza kitabu ambacho hujakiandika."

Nilikasirika hadi nikaondoka mezani. Nilijua anachosema kabla hajamaliza, na ndiyo maana nilikasirika. Katika mswada wangu, mgeni anaingia na ile saa kwenye ukurasa wa 61. Kabla yake kuna kurasa 60 za karakana: ilivyojengwa, babu aliyeianzisha, harufu ya mafuta, kurasa tatu nzima za mvua juu ya paa. Niliwahi kuzisoma mbele ya waandishi wenzangu na wote walisema neno moja: lugha yako tamu. Nililibeba neno lile kama cheti. Sasa nadhani "lugha yako tamu" ndiyo namna ya kistaarabu ya kusema sijajua bado hadithi inahusu nini. Sina uhakika kama wenzangu walimaanisha hivyo. Mimi nikimwambia mtu, ndicho ninachomaanisha.

Mtu anayepewa kurasa 10 anapata babu na mbao. Hawezi hata kuufikia ukurasa wa 61 ili aukatae.

Nikadhani basi dawa nimeipata: chukua ukurasa wa 61, uweke mbele, kurasa za karakana zitawanye huko ndani. Kazi ya mkasi. Ningeifanya wiki moja na kurudi kwenye foleni. Barua ya leo imenizuia. Huyu wakala alikuwa miongoni mwa wale 9, kwa hiyo yeye alivutwa na barua, akasoma hadi mwisho. Anasema aliingoja saa kwa hamu, na ilipofika, fundi saa aliishangaa, akaifunga kwenye kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Mambo yanamkuta, yeye hatafuti kitu. Mgeni anarudi, polisi wanakuja, mjane wa kaka yake anakuja, na yeye yupo tu nyuma ya meza, anatazama, anakumbuka. Ameandika kwa upole kwamba hajui fundi huyu anataka nini, na kwamba anahofia mimi pia sijui.

Ni kweli, sijui. Katika barua ya maombi niliandika kwamba "lazima agundue ukweli". Niliandika hivyo kwa sababu barua inadai mhusika atake kitu, nikambandikia. Sentensi ile ilikuwa ndani ya barua tu. Funika kombe mwanaharamu apite, na amepita mara 41.

Wapo watakaoniambia nisikubali kazi hii. Nimeshasikia visa vya waandishi walioandika upya kitabu kizima kwa ombi la wakala asiyewapa mkataba, wakamaliza, wakaambiwa asante hapana. Inawezekana. Na hata akinichukua, kuwa na wakala si kuwa na mchapishaji; kuna miswada mizuri inayozungushwa kwa wahariri mwaka mzima ikarudi ilikotoka. Nimejiuliza swali moja tu: je, ningekubaliana na maoni haya kama yangetoka kwa mtu asiyeweza kunipa chochote? Dada hawezi kunipa chochote, na alisema nusu yake mwezi mzima kabla. Wakala mwingine, mmoja wa wale wanne, alinikataa akishauri fundi saa apate mchumba ili kitabu kichangamke. Huyo nilimshukuru na kuendelea na safari.

Nimemwandikia huyu wa leo kwamba nitajaribu, na kwamba nitachukua miezi kadhaa. Sikumwambia mingapi. Ile mistari miwili ambayo bado muda wake haujafika nimeamua kuiacha ijiishie yenyewe. Barua mpya sitatuma. Ningependa kusema uamuzi huo umenipa utulivu, lakini nimeshaangalia barua pepe mara mbili tangu nianze kuandika haya.

Mchana wote nimekaa na kurasa 60 zilizochapishwa, kalamu ya wino mwekundu mkononi. Babu ameondoka kabisa. Karakana imebaki kwa aya mbili. Mvua nimeiachia sentensi moja, na bado naionea huruma. Sasa kitabu kinaanza na mlango kufunguliwa na mtu kuweka saa juu ya meza bila kusalimia.

Jioni nilimpigia dada nikamsomea mwanzo mpya. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa," akasema. "Fundi umeniambia bado unamtafuta. Lakini huyu mgeni, kwa nini aipeleke saa kwa huyo fundi, na mafundi wote waliopo? Yeye anataka nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kurasa 380, miaka mitatu, na sikuwahi kumwuliza.

Nimeliandika swali nyuma ya ukurasa wa 60. Ni saa sita usiku na upande ule bado mweupe, isipokuwa mstari huo mmoja.