Wallowa, kwenye nchi ya dume la Imnaha

Nilitoka Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, saa kumi alfajiri nikaufuata Mto Columbia kwenda mashariki, kuelekea kaunti ya Wallowa. Ukishapita The Dalles misitu inakatika ghafla, nchi inakuwa kavu, vilima vya nyasi kavu pande zote, na moyo wangu ukaanza kunidanganya kwamba narudi kwetu Simanjiro. La Grande nilijaza mafuta, nikaiacha barabara kuu na kushika ile ya 82: Elgin, Minam, Lostine, Enterprise. Ilikuwa Oktoba. Huko milimani kuna mti wa jamii ya misonobari unaopukutisha majani, wenyeji wanauita tamaraki, na siku hizo ulikuwa wa njano tupu katikati ya miti ya kijani. Nilisimamisha gari mara tatu kuutazama tu.

Nilikuwa nakwenda kuiona nchi ya mnyama ambaye sikuwahi kumwona na ambaye sitamwona kamwe. Jina lake lilikuwa namba, OR-4, maana yake mbwa mwitu wa nne kuvishwa kola ya redio katika jimbo la Oregon. Sisi tunamwita mbwa mwitu kwa jina lile lile tunalompa yule mwenye madoadoa wa Serengeti, ingawa ni wanyama wawili tofauti kabisa. Huyu ni yule wa Injili, anayesemwa kuvaa mavazi ya kondoo. OR-4 alikuwa dume jeusi, na walipompima mwaka 2010 alikuwa na kilo 52 hivi, mkubwa kuliko wote waliokuwa wamepimwa Oregon hadi wakati huo.

Historia yake inaanzia mbali. Oregon walikwishawamaliza mbwa mwitu, na serikali ilikuwa ikimlipa kila aliyeleta aliyeuawa. Malipo ya mwisho yalitolewa miaka ya 1940. Kisha mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 66 kutoka Kanada, 31 wakaachiwa katika hifadhi ya Yellowstone na 35 katika jimbo jirani la Idaho. Wazao wa wale wa Idaho hawakujua mpaka wa jimbo ni nini. Jike mmoja, OR-2, alivuka Mto Snake, ule uliochimba korongo la Hells Canyon, na mwaka 2008 akaonekana upande wa Oregon. OR-4 ndiye aliyekuwa mwenzake. Kundi lao likaitwa Imnaha, jina la mto unaopita huko.

Nilifika mji wa Joseph saa tano. Mji umepewa jina la kiongozi wa Wanez Perce, ambao ndio hasa nchi hii ilikuwa yao, hadi mwaka 1877 walipofukuzwa kwa bunduki. Kaburi la baba yake liko pale kwenye Ziwa Wallowa, watu huacha sarafu na manyoya. Nimesema "wenyeji" hapo juu. Wallowa neno hilo linataka uangalifu.

Mfugaji aliyekubali kunipokea ni mzee wa miaka sabini na ushee, mikono imepasuka kama ya baba yangu. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nimezaliwa katika ng'ombe, na nadhani hilo ndilo lililonifungulia mlango. Alinipeleka moja kwa moja kwenye banda. Ukutani palining'inia gurudumu la kamba nyembamba iliyoshonewa vitambaa vyekundu, kila baada ya nusu hatua kitambaa kimoja. Wakati wa kuzaa ndama wanaizungushia malisho. Upepo ukivipeperusha vile vitambaa, mbwa mwitu anaogopa kupita. Lakini wiki zikipita anazoea, na kamba inakuwa kamba tu. Nilivishika: vimefifia, vimekauka kwa jua, viwili vina alama za meno. Mzee akasema hayo ni ya ng'ombe. Hutafuna kila kitu.

Kisha akanieleza jinsi maofisa wanavyoamua nani kaua. Hawatazami jeraha peke yake, kwa sababu mzoga huliwa na kila mtu, dubu, puma, hata tai. Wanamnyoa ndama, wanamchuna ngozi, wanaigeuza na kutazama upande wa ndani. Kama aliumwa akiwa hai, damu imevilia chini ya ngozi, nyama imekuwa nyeusi na kusagika. Kama aliliwa akiwa maiti, ngozi ni safi. Alikunja mkono wa shati akanionyesha kwa kidole juu ya mkono wake mwenyewe: hapa nyuma ya paja, hapa kwapani. "Mara nyingi mzoga wenyewe haupatikani," akasema. "Sasa utachuna nini?"

Kundi la Imnaha lilianza kuua ng'ombe mwaka 2010. Septemba 2011 jimbo likaamuru OR-4 apigwe risasi pamoja na mwanawe mmoja. Mwezi huo huo mwanawe mwingine, OR-7, akaondoka nyumbani, akatembea hadi California, akawa mbwa mwitu wa kwanza kujulikana huko tangu 1924. Dunia nzima ilimshangilia kijana. Baba alibaki na hukumu shingoni, pale pale ilipo kola. Mahakama ya rufaa ikaisimamisha amri ile Oktoba, na mwaka 2013 jimbo, wafugaji na watetezi wa wanyama wakakubaliana kwamba asiuawe mbwa mwitu kabla njia nyingine hazijajaribiwa. OR-4 akapata miaka mingine mitatu. OR-2 akatoweka, naye OR-4 akachukua jike mwingine, OR-39, aliyekuwa anachechemea.

Machi 2016 wakashuka kwenye malisho ya watu, wakaua ndama na kondoo. Machi 31 helikopta ya jimbo ikapaa na kuwapiga risasi wanne: yeye, yule jike kilema, na watoto wao wawili wa mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi, ambao kwa mbwa mwitu wa porini ni uzee kamili.

Nimeyafikiria sana haya na bado yananiuma. Simlaumu mzee yule, wala siwezi kumlaumu mnyama aliyefanya kazi pekee aliyoijua.

Usiku nikampigia baba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika kwa hao wenye ng'ombe?"

Nikamsimulia yote, na nilipofika kwa yule jike anayechechemea akanikatiza. "Basi. Simba mzima halali karibu na boma. Anayekuja ni mzee, au aliyevunjika jino, au mwenye mguu mbovu. Hao wawili wangemkimbizaje mnyama wa porini?" Akanyamaza kidogo. "Na huyo mwenye ng'ombe, ulimpa pole?"

Sikuwa nimempa.

Asubuhi nilirudi. Ng'ombe walikuwa wameshushwa kutoka msituni kwa ajili ya baridi, na mzee alikuwa ameegemea nguzo ya lango akihesabu, midomo inacheza bila sauti. Nilisimama pembeni bila kumsemesha, kama tulivyofundishwa. Ndama wawili walipungua. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amejitenga na wenzake, kiwele kimejaa hadi kinang'aa, maziwa yanadondoka yenyewe kwenye vumbi. Alikuwa ameelekeza kichwa mlimani, analia, ananyamaza kusikiliza, analia tena.

Nikamwambia mzee kwamba baba yangu aliye Simanjiro, mwenye ng'ombe kama yeye, anampa pole. Aliniuliza idadi ya ng'ombe wa baba. Nikamtajia, akaitikia kwa kichwa, akaenda kutandika farasi.